Afya katika jamaa: Chunusi kali si aibu, ni ugonjwa



Katika darasa letu alikuwako kijana mmoja aliyekaa daima kwenye benchi la nyuma, upande wa dirisha, mkono umefunika shavu. Jina lake hatutalitaja. Alikuwa mwenye akili, daftari zake safi, hesabu zake karibu zote sahihi. Lakini kila tulipomwita ubaoni alisita, na wenzake wakaanza kunong'ona. Uso wake ulikuwa umejaa chunusi. Hazikuwa zile tatu au nne ambazo kila kijana huziona na kuzisahau. Yalikuwa manundu makubwa yenye maumivu, mengine yamejaa usaha, nayo yalishuka mpaka shingoni na mgongoni. Wenzake walimpa jina la utani. Nasi tulilisikia, tukanyamaza, tukidhani ni mchezo wa watoto. Muhula wa pili ulipoanza, benchi lile lilikuwa tupu.

Tulipokwenda kwao, mama yake alitukaribisha vizuri, lakini kijana hakutoka chumbani. Mama akatuonyesha vitu vyote walivyonunua kwa fedha yao kidogo: sabuni ya kung'arisha ngozi, kopo la pomadi lisilo na maandishi ya kusomeka, majani yaliyotwangwa, na kichupa cha maji ya limau. Kila jirani alileta shauri lake, na kila shauri liliongeza kidonda. Akatuuliza: «Mwalimu, je, mwanangu amerogwa?»

Siku ile hatukuwa na jibu jema. Tangu hapo tumejifunza, tumewauliza waganga wa hospitali, nasi tungependa leo kuwaeleza wazazi na wanafunzi yale yaliyo hakika juu ya ugonjwa huu.

Chunusi ni nini?

Ngozi yetu ina vijishimo vidogo vingi sana, na katika kila kijishimo huota unywele, hata ukiwa mwembamba usioonekana. Kando ya unywele iko tezi ndogo itoayo mafuta ya kulainisha ngozi. Tezi hizi ni kubwa na nyingi zaidi usoni, kifuani na mgongoni, na ndiyo sababu chunusi hupenda mahali hapo.

Mtoto anapoanza kubalehe, mwili wake huongeza homoni ziitwazo androjeni. Wavulana wanazo nyingi, wasichana nao wanazo kiasi. Homoni hizi huziamuru tezi kutoa mafuta mengi kuliko kwanza. Wakati huohuo, chembe kavu za ngozi, ambazo zilipaswa kutoka na kupotea, hugandamana mdomoni mwa kijishimo na kukiziba. Mafuta yakikosa njia hurundikana ndani, kama maji katika mfereji ulioziba. Ndipo twaona kipele cheupe. Mdomo ukiwa wazi, kile kilichoziba hugeuka cheusi kwa sababu ya hewa na ya rangi ya ngozi yenyewe. Weusi huo si uchafu, wala hautoki kwa kusuguliwa.

Ndani ya kijishimo kilichoziba hukaa kijidudu ambacho wataalamu hukiita Cutibacterium acnes. Kijidudu hiki huishi juu ya ngozi ya kila mtu, mgonjwa na mzima. Lakini kikipata mafuta mengi mahali palipofungwa huzidi. Mwili nao hupigana nacho, na vita hivyo huleta uvimbe, joto na usaha. Pengine ukuta wa kijishimo hupasuka chini ya ngozi, na uvimbe huenea kwa kina. Hapo huja manundu na vifuko vya usaha vinavyokaa majuma mengi na kuacha makovu. Hizo ndizo chunusi kali.

Ugonjwa huu si wa watu wachache. Hesabu ya mwaka 2010 iliyopima magonjwa ya dunia nzima ilionyesha kwamba karibu mtu 1 kati ya 10 alikuwa na chunusi. Nyingi huwa nyepesi, nazo hupoa zenyewe ujana unapopita. Lakini zile kali hufuata mara nyingi ukoo: baba au mama aliyezipata katika ujana wake asishangae akiziona kwa mwanawe.

Maneno yasiyo kweli

Yafaa sasa tuondoe maneno yanayowaumiza vijana wetu.

Wengine husema chunusi huletwa na uchafu. Si kweli. Tumemwona kijana anayenawa mara sita kwa siku, na uso wake ukazidi kuwaka, kwa sababu sabuni kali na kusugua huiumiza ngozi.

Wengine husema chunusi huambukiza. Si kweli. Waweza kumpa mkono, kulala naye chumba kimoja na kula naye sahani moja bila hofu.

Wengine husema ni alama ya mawazo mabaya au ya dhambi ya siri, na kwamba ndoa itaziponya. Neno hili ni baya kuliko yote. Kijana mwadilifu kabisa huzipata, na mwovu huweza kuwa na uso laini. Tukumbuke mtu aliyezaliwa kipofu, katika Injili ya Mtakatifu Yohane: wanafunzi walimwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi, naye akakataa kabisa hesabu ya namna hiyo. Nasi tusiirudishe kwa sababu ya vipele. Wala tusimtafute mchawi. Aliyeziamsha chunusi ni mwili wa kijana mwenyewe unaokua.

Juu ya chakula, tuseme kwa kipimo. Mwaka 2002 wataalamu walitoa habari za kisiwa cha Kitava, huko Papua New Guinea, ambako watu huishi kwa viazi, matunda, samaki na nazi. Walipima watu 1,200, wasione hata mmoja mwenye chunusi. Haya hayathibitishi kwamba chakula peke yake ndicho sababu, kwa maana damu ya ukoo na maisha yao pia ni tofauti na yetu. Lakini uchunguzi mwingine umeonyesha kwamba sukari nyingi, vinywaji vitamu vya chupa, mkate mweupe, na kwa baadhi ya watu maziwa, huweza kuzidisha chunusi. Basi kijana apunguze soda na sukari katika chai, ale maharagwe, mboga, samaki na matunda. Asijinyime chakula chema kwa hofu, wala asidhani chakula kitaponya peke yake zile zilizo kali.

Mafuta tunayojipaka ni habari nyingine. Mwaka 1970 waganga wa Marekani waliandika juu ya watu weusi waliopata vipele kwenye paji la uso na kando ya nywele kwa sababu ya pomadi nzito walizopaka kichwani. Wengi wetu twajua desturi hii. Kijana mwenye chunusi asipake usoni mafuta mazito, na anapopaka nywele aangalie yasimshukie kwenye paji.

Hatari ya dawa za kung'arisha ngozi

Hapa twasimama kidogo, kwa sababu tumeona madhara kwa macho yetu. Chunusi ikipoa juu ya ngozi nyeusi huacha doa jeusi zaidi, na doa hilo huweza kukaa miezi mingi. Msichana huliona katika kioo, anasikitika, anakwenda sokoni kununua krimu ya kung'arisha. Nyingi ya krimu hizo zina klobetasoli, dawa yenye nguvu sana ambayo haipasi kupakwa usoni bila amri ya daktari. Siku za kwanza uso hulainika, uvimbe hutulia, na msichana hufurahi. Baadaye ngozi huwa nyembamba, mishipa huonekana, na chunusi nyingine mpya hufumka kwa wingi. Akiiacha ghafla, uso huwaka, naye hurudi kuipaka tena. Hivyo huwa mtumwa wa kichupa.

Nyingine zina hidrokinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu bila kipimo huweza kuacha weusi wa kudumu. Nyingine zina zebaki, sumu iharibuyo figo na mishipa ya fahamu. Mapatano ya Minamata, yaliyofanywa mwaka 2013, yaliweka mwisho wa mwaka 2020 kuwa kikomo cha kutengeneza na kuuza krimu za kung'arisha zenye zebaki. Lakini zingali zinapatikana kwa siri. Wazazi, someni maandishi ya kopo. Kopo lisilotaja vilivyomo lisiingie nyumbani. Aliyekwisha kutumia krimu hizo kwa muda mrefu asione haya kumwambia daktari, ili apewe njia ya kuziacha salama.

Mambo ya kufanya nyumbani

Kijana anawe uso mara 2 kwa siku kwa maji na sabuni laini, na baada ya kazi ya jasho. Atumie mikono yake, asisugue kwa jiwe, mchanga wala kitambaa kigumu. Asipake limau, dawa ya meno, majivu wala maji ya kufulia. Vitu hivi huunguza. Zaidi ya yote, asikamue. Anayekamua husukuma usaha ndani zaidi, na kovu huja. Sisi watu weusi tuna mwelekeo wa kupata makovu yanayovimba na kukua, hasa kifuani, mabegani na chini ya taya. Avae kofia juani, kwa kuwa jua huyatia madoa weusi zaidi.

Kwa chunusi nyepesi na za kati iko dawa ya kupaka iitwayo benzoili peroksidi. Huua vijidudu, wala vijidudu haviizoei. Ile ya nguvu ya 2.5% au 5% hutosha. Aanze siku moja kupaka na siku moja kupumzika, ngozi ipate kuizoea. Apake mahali pote chunusi zinapotokea, asitie juu ya kipele kimoja kimoja tu. Ajue kwamba dawa hii hutoa rangi ya nguo na mashuka.

Dawa ya pili ya kupaka ni adapalini. Hii huzuia kijishimo kisizibe. Hupakwa usiku, kiasi cha punje moja ya kunde kwa uso mzima. Majuma ya kwanza ngozi hukauka na kuwasha kidogo, asikate tamaa. Mwenye mimba asiitumie.

Tena tunasisitiza: saburi. Hakuna dawa ya chunusi inayoponya kwa siku 3. Matunda huonekana baada ya majuma 8 mpaka 12. Wengi huacha dawa nzuri katika juma la tatu, hununua nyingine, kisha nyingine, na mwisho husema hakuna dawa duniani.

Wakati wa kwenda hospitali

Kijana mwenye manundu yenye maumivu, mwenye makovu yanayoanza, au mwenye huzuni kwa sababu ya uso wake, apelekwe kwa daktari. Na kama yuko daktari wa ngozi, ni bora zaidi. Asingojee ujana upite. Chunusi zitapita, lakini makovu hayatapita.

Mara nyingi daktari humpa vidonge vya doksisiklini kwa miezi 3 au 4, pamoja na dawa ya kupaka. Vinywewe kwa maji mengi, na mtu asilale mara baada ya kuvimeza, visije vikaunguza koo. Ngozi huogopa jua zaidi siku hizo. Havifai kwa mwenye mimba wala kwa mtoto aliye chini ya miaka 8. Asinywe dawa ya kuua vijidudu peke yake mwaka mzima, kwa kuwa vijidudu huizoea na dawa hupoteza nguvu.

Msichana ambaye hedhi zake hazina mpango na anaota nywele kidevuni amwambie daktari mambo hayo pia, kwa sababu pengine asili ya chunusi ni homoni zake. Anayetumia dawa za kifua kikuu akaona vipele, asiache dawa hata siku moja. Aende kwa aliyempa, kwa maana isoniazidi huweza kuleta vipele vya namna hii. Na vipele vya kisogoni vinavyofuata kunyoa ni ugonjwa mwingine, una dawa yake.

Tena iko hali moja ya haraka. Kijana, hasa mvulana, ambaye chunusi zake zinageuka ghafla kuwa vidonda, naye ana homa na maumivu ya viungo, apelekwe hospitali siku ile ile.

Dawa yenye nguvu kuliko zote

Kwa chunusi kali zilizoshinda dawa nyingine, iko isotretinoini. Mwaka 1979, huko Marekani, daktari Gary Peck na wenzake walitoa habari za wagonjwa 14 wenye chunusi mbaya kabisa waliopewa dawa hii. 13 kati yao walipona kabisa. Mwaka 1982 serikali ya huko iliiruhusu. Dawa hii hupunguza ukubwa wa tezi za mafuta zenyewe, na wengi wanaoitumia kwa utaratibu miezi 5 au 6 hawaihitaji tena.

Lakini dawa iliyo na nguvu ya namna hii ina hatari yake. Mwaka 1983 zilianza kuandikwa habari za watoto waliozaliwa na kasoro za masikio, moyo na ubongo, kwa sababu mama zao waliimeza walipokuwa na mimba. Kwa hiyo mwanamke asiimeze kamwe akiwa na mimba, wala asipate mimba tangu mwezi 1 kabla ya kuanza mpaka mwezi 1 baada ya kumaliza. Daktari hupima mimba kabla ya kutoa dawa, na wakati wa dawa hurudia kupima. Wote, wanaume kwa wanawake, hupimwa damu ili kuona ini na mafuta ya damu. Wasitoe damu kwa wagonjwa mpaka mwezi 1 upite baada ya kumaliza. Wasiichanganye na doksisiklini, kwa kuwa mbili pamoja huweza kuongeza shinikizo kichwani, wala wasimeze vidonge vya vitamini A. Midomo hukauka, hilo ni la kawaida. Lakini huzuni nzito ikimshika anayeitumia, daktari aambiwe mara moja.

Basi tunawaonya: dawa hii isinunuliwe sokoni, wala dada asimpe mdogo wake vidonge vilivyobaki. Yaweza kumponya mmoja na kumharibu mtoto wa mwingine aliye bado tumboni.

Neno kwa wazazi na walimu

Kijana yule wa benchi la nyuma alipelekwa kwanza kwenye zahanati, kisha hospitali. Mganga wa huko aliutazama uso wake bila kucheka na bila kushangaa, akamwambia: «Huu ni ugonjwa, nao una dawa.» Mama yake alitueleza kwamba kijana alilia aliposikia neno hilo, kwa sababu tangu mwaka mzima hakuna aliyemwambia hivyo. Alitibiwa kwa vidonge na dawa ya kupaka. Mwezi wa kwanza hakuona kitu. Mwezi wa tatu manundu mapya yalikoma. Alirudi shuleni akiwa amechelewa mwaka mmoja, na makovu kadha yamebaki mashavuni.

Makovu hayo yanatuhukumu kidogo. Kama tungalimwuliza hali yake mapema, badala ya kunyamaza mbele ya jina lile la utani, asingalipoteza mwaka, na pengine uso wake ungalipona kabla ya kovu la kwanza. Mwalimu anayesikia kicheko cha namna hiyo darasani na kunyamaza, amekicheka pamoja na wengine.

Wazazi, msiseme «ni utoto, utapita» kabla ya kutazama. Mtoto anayekataa kwenda shuleni, anayekwepa picha za jamaa, anayefunika uso wakati wa chakula, ana maumivu yasiyoonekana. Mketi karibu naye, mwulizeni kwa upole, msimlazimishe kusema mbele ya wageni. Akitamka kwamba hataki kuishi, msimwache peke yake, mtafute msaada siku ile ile.

Nanyi wanafunzi, mwenzenu mwenye uso wa namna hii hahitaji mashauri kumi ya dawa. Mwiteni kwa jina alilopewa na wazazi wake, mpeni nafasi kati yenu kwenye benchi, na kama ataka kwenda zahanati akaogopa kwenda peke yake, mmoja wenu amsindikize.